Pumba za Mchele kwa Ngozi ya Atieno

Pumba za mchele zikitoka mashineni huwa na joto na harufu tamu, kama uji unaokaribia kuungua. Zikikaa siku chache hunuka mafuta yaliyochacha. Ndiyo maana kila Jumamosi, mwanzoni mwa miaka ya tisini, mama alinituma kwenye mashine za mpunga za Ahero kuleta mpya. Wafuga kuku walizoa zozote. Mimi nilitaka zile laini, zinazotoka mchele ukipitishwa mara ya pili, maana za kwanza zina maganda, na maganda hukwaruza. Nilizisugua shavuni, nikazisugua tena, ndipo nikaanza kudai nyongeza. "Wewe mtoto," mwenye mashine aliniambia, "na hii mdomo utaolewa na nani?" Nikamwambia aongeze kikombe kwanza, ya ndoa tutayazungumza baadaye.

Zilikuwa za dada yangu Atieno. Alikaanga mandazi kando ya bomba la maji mtaani kwetu Nyalenda, mahali ambapo foleni ya ndoo ni foleni ya macho, na mandazi hayo ndiyo yaliyotulisha. Mwaka huo ngozi yake ilikauka ikaota vipele vyeusi, na nywele zikawa nyepesi, zikinyooka zenyewe bila dawa. Ugonjwa wenye sura hiyo ulikuwa umeshapita nyumba nyingi. Hakuna aliyeutaja, na kila mtu aliujua. Basi kabla ya jua kutoka mama alikoroga pumba kwa maji ya vuguvugu, akamkanda uso, shingo na mikono, na maji meupe yaliyochujwa akammwagia kichwani. Atieno alitoka aking'aa. "Siku hizi unapaka nini, wewe?" wanawake waliuliza. "Raha," akajibu, "na haiuzwi hapa. Nunua mandazi." Kizuri chajiuza, na kwa miezi kadhaa yalijiuza.

Lakini mficha maradhi kifo humuumbua, na pale bombani methali hiyo ilisemwa kwa sauti zaidi tulipopita. Asubuhi moja mama alipitisha vidole kichwani mwa dada, shungi zima la nywele likabaki mkononi. Atieno akalitazama. "Nifunge kitambaa, Mama. Mafuta yameshapata moto." Siku hiyo mteja wa kwanza aliomba kujichagulia andazi mwenyewe, akalishika kwa karatasi. Wa pili vivyo hivyo. Baadaye hakuna aliyeomba. Tulikula mandazi mpaka tukayachukia. Mama aliendelea kunituma Ahero, nami niliendelea kudai zilizo laini, kana kwamba ugonjwa nao hupunguza bei ukibembelezwa.

Leo nina kibanda cha vipodozi mjini. Pumba zimo ndani ya vichupa vyenye vifuniko vya dhahabu, na wanawake wa Milimani, mtaa wa matajiri, hawabishanii bei. Siku hizi pia kuna vidonge, na wagonjwa wanavimeza na kuzeeka, lakini dada hakuvikuta. Mteja akiniuliza kama pumba zinasaidia kweli, namjibu ninalolijua: zinalainisha, zinang'arisha. Mama alimkanda Atieno hata siku ya kumlaza jenezani, na majirani wote waliisifu ngozi ile. Waliisifu wakiwa mlangoni.