Harufu ya Siku Arobaini

Hajara alikuwa na mdomo, hilo mji mzima wa Arua, kaskazini mwa Uganda, uliujua. Mwanamke akija kwake kulalamika kwamba mumewe hamtazami tena, hakumpa pole hata kidogo. Alimkagua kuanzia utosini hadi kisiginoni, akaguna, kisha akamvuta uani kwenye shimo lake. Kazi yake ilikuwa dukhani: makaa chini ya shimo, vijiti vya mgunga juu ya makaa, na mwanamke ameketi hapo uchi, amejifunika blanketi zito hadi shingoni, moshi unamwingia mwilini mpaka anukie wiki nzima. Wanubi wa Arua hawakuoza binti bila kumfukiza. Hajara aliwaambia maharusi kwamba maneno ni ya sokoni. Mume husemeshwa kupitia pua.

Tena alikuwa na nyongeza yake, ambayo hakumfundisha mtu. Kila alipomfukiza bibi harusi, alifukiza pamoja naye, kwa siri, kipande cha hariri nyekundu, akampa bwana harusi mkononi na kumwamuru akivae kifuani, chini ya shati, siku arobaini kamili. Asikitoe hata kazini. Popote alipo, mkewe awe anamsemesha. Wanaume walicheka, lakini walikivaa.

Mwishoni mwa Septemba 1980 alimfukiza Sadiya, binti wa marehemu dada yake, aliyemlea mwenyewe. Mume alikuwa Taban, fundi wa magari kutoka Koboko, aliyewahi kuwa dereva katika jeshi lililoanguka mwaka uliotangulia. Kijana mpole, na kuongea hakujui kabisa. Alimtongoza Sadiya kwa kuja kutengeneza cherehani yake mara nne, na cherehani haikuwa imeharibika hata mara moja. Hajara alimpenda kwa hilo. Alipompa kitambaa, Taban alikipokea kwa mikono miwili, wala hakucheka.

Siku ya kumi na mbili ya ndoa, vita vikarudi. Askari wa serikali mpya waliingia mjini wakiwa wamefura kwa hasira ya wenzao waliouawa na mabaki ya jeshi la zamani, wakaanza kuchoma nyumba moja baada ya nyingine. Mzee Fadhul, jirani wa ukuta mmoja, walimpiga risasi mlangoni pake, birika la udhu mkononi. Mkewe alipomwinamia wakampiga na yeye. Kwao kila Mnubi alikuwa mtu wa jeshi la zamani, sasa Taban, ambaye kweli alilitumikia, nani angempa nafasi ya kujieleza? Njia ilibaki moja: kumfikisha Kuluba, mpakani, kwa ndugu zao, avuke kuingia Sudan akiwa hai.

Filda, muuza mboga aliyetoka upande huo, akawaletea habari mbaya. Mto ulikuwa umefurika, pa kuvukia ni darajani tu, kabla ya Koboko, na darajani pana kizuizi. Hapo yupo koplo aliyewahi kupanga chumba kwa Wanubi, anawatambua kwa harufu. Anainamia shingo za wanawake, ananusa kama mtu anayechagua papai. Filda aliona wawili wakitolewa kwenye mstari, akasikia walivyolia kule nyuma ya gari, halafu akasikia risasi mbili. Alipopita, viatu vyao vilikuwa bado barabarani.

Miaka ishirini ya ufundi wake, leo imekuwa kamba ya kunyongea watoto wa watu! Alichoma blanketi, akachoma vijiti vyote, akachoma nguo za harusi. Alimnyoa Sadiya kichwa kwa wembe kwa sababu ya mafuta ya nywele, akamsugua kwa majivu na mafuta ya taa hadi ngozi ikatoa damu. Binti alilia, shangazi zake wakamwita Hajara katili, yeye akazidi kusugua. Kisha akatafuta samaki wakavu waliooza, akawaloweka, akajipaka maji yale yeye na Sadiya. Taban akajipaka mwenyewe huko chumbani. Walitoka Arua alfajiri, kila mmoja na kikapu cha samaki kichwani, Taban mbele, Sadiya nyuma yake, Hajara mwisho. Kama watu wasiojuana, aliwasisitizia. Huyu akikamatwa, yule apite.

Walifika darajani siku ya pili mchana. Koplo alikuwa mtu mwembamba, macho mekundu. Chini ya daraja palikuwa na maiti imenasa kwenye mizizi, inainuka na kushuka na maji, na Hajara akalazimisha macho yake yabaki kwenye samaki. Wanawake walitangulizwa kukaguliwa, na koplo alimwinamia yeye kwanza. Akakunja uso, akatema mate, akamsukuma kwa kitako cha bunduki. Akamwinamia Sadiya, akaziba pua, akamsukuma pia. Hajara akaanza kupumua.

Taban alisema jina lake ni Celestino, mchuuzi wa Ajia. Koplo alikuwa ameshampungia mkono apite. Halafu upepo ukavuma kutoka mtoni, na koplo akageuka polepole. Akamshika Taban kola, akamrarua shati. Hariri nyekundu ikaanguka miguuni pao.

Aliyakumbuka yote, kasoro hicho. Kijana alikuwa anatii. Ilikuwa siku ya kumi na nane kati ya arobaini.

Koplo alikiokota kitambaa, akakiweka puani, akafumba macho kwa muda mrefu hata askari wenzake wakaanza kucheka. Alipoyafumbua, aliwanyooshea kidole wale wanawake wawili.

"Bibi ya huyu iko wapi? Ni huyu?"

"Hapana, afande," Taban akasema. "Hawa mimi sijui. Iko watu ya samaki tu."

Wakampiga kitako cha bunduki mdomoni. Meno yakamtoka. Koplo akamwuliza Sadiya, akitamka neno moja moja, kama huyu ni bwana yake. Sadiya alimtazama mumewe akiwa amepiga magoti, damu inamchuruzika kifuani.

"Simjui," akasema.

Wakaambiwa wapite. Hajara alimkamata mkono binti yake, kucha zikazama kwenye nyama, akamvuta asigeuke. Nyuma yao panga lilianza kazi. Taban aliita mara moja tu, na hakuita jina la mtu. Walipofika ng'ambo, wakasikia kitu kizito kikiangukia majini.

Hajara hakufukiza tena. Alikaa uhamishoni Sudan, akarudi, na mwaka 1988 alikuwa anauza samaki wakavu soko la Koboko, mdomo ule ule, isipokuwa akitajiwa dukhani alianza kupanga samaki ambao tayari walikuwa wamepangika. Kile kitambaa hakumwambia mtu alikitoa nani. Sadiya alidhani ni kumbukumbu tu aliyojiwekea mumewe, basi. Hivyo ndivyo Hajara alivyoamini miaka minane.

Siku moja Sadiya akaja, nywele zimeota, akaketi kwenye gunia. Alikuwa amepata mchumba, Abiriga, fundi baiskeli aliyefiwa na mkewe. Hazungumzi sana, akasema, akatabasamu kidogo. Alitaka Mama Hajara amfukize.

Hajara alikataa. Sadiya akasihi, na hapo yakamtoka Hajara kwa sauti kavu: kwamba kitambaa ni yeye alikitoa, kwamba ni yeye aliyemwamuru Taban asikivue, kwamba alichoma kila kitu akasahau hicho kimoja. "Mimi ndiye niliyemuua," akasema. "Sasa unajua."

Mteja mmoja akaja, akanunua, akaondoka.

"Nilikuwa natembea nyuma yake, mama," Sadiya akasema. "Siku mbili nzima. Harufu ya kitambaa niliisikia tangu hatujatoka mjini. Samaki wote wale wanaoza, na yeye peke yake ananukia. Nilijua kinaweza kumuua. Kila nikitaka kumwambia akitupe, nilijiambia, acha ninuse kidogo tena."

Hajara alimtazama yule binti aliyemlea. Mkononi mwa Sadiya bado palikuwa na makovu manne ya kucha zake Hajara. Akafunika samaki kwa gunia, akaomba jembe kwa jirani wa kibanda cha pili, wakaenda pamoja nyumbani kuchimba shimo la kufukizia.

"Kitambaa sifukizi," akasema njiani.

"Sikitaki," Sadiya akajibu.