Mlango wa Sagal

Sagal wa Hadado, kule Wajir, alikuwa rafiki wa watu wote, na huo ndio uliokuwa ugonjwa wake. Katika chuo kile cha ualimu mjini Garissa hapakuwa na msichana ambaye hajaonja chai yake, ya maziwa ya ngamia, imekolea hiliki, na sukari ya kusimamisha kijiko. Mwalimu wa ushauri alipotaka mwanafunzi wa kuwaeleza wageni wa mwaka wa kwanza namna ya kuishi vizuri na wenzao, hakutafuta mbali. Alimsimamisha Sagal ukumbini, naye akasema urafiki ni mlango usiofungwa. Wakampigia makofi. Asubuhi hiyohiyo alikuwa amepata alama za aibu katika hisabati, maana mlango usiofungwa hupitisha watu tu, haupitishi masomo.

Waliopita zaidi ni Idman na Lul, jamaa zake wa ukoo. Kila siku baada ya sala ya alasiri waliingia, wakavua viatu, wakajipandia kitandani kwake, na habari zikaanza na ngamia wa mjomba zikaishia kwenye arusi ya mtu wasiyemjua. Kumwambia mgeni aondoke ni somo ambalo Sagal hakufundishwa kwao. Hadado, mgeni hata akikaa mwezi haulizwi anaondoka lini. Huulizwa kama amelala vizuri.

Basi Sagal akatafuta wa kumsemea. Alikaa chumba kimoja na Kananu, binti wa Kimeru, mkavu wa maneno, ambaye akitaka kusoma husema anataka kusoma. Sagal akamwomba kwa sauti ya asali: wewe si wa kwetu, hawatakukasirikia, waambie tu chumba ni cha wawili. Kananu akakubali. Ikawa jua likishuka anafunga kitabu kwa kishindo na kusema, "Dada zangu, tumechoka. Kwaherini."

Wageni wakatoka wamenuna. Sagal naye akawasindikiza hadi mlangoni akilalamika kwa Kisomali: mvumilieni, abaayo, dada zangu, huyu moyo wake ni jiwe, hata mimi naishi naye kwa subira. Kazi ikagawanyika vizuri sana. Kananu akala chuki, Sagal akala sifa, na hisabati ikapanda kidogo.

Likafika juma la mazoezi ya kufundisha. Kesho yake mkaguzi angekaa nyuma ya darasa la Sagal, na akianguka tena angerudia mwaka. Hakuwa ameandika hata mstari mmoja. Idman na Lul wakaingia, wakavua viatu. Sagal akamtupia Kananu jicho.

Kananu akainuka, akachukua ile chupa ya chai, akawamiminia hadi ukingoni. Kisha akawaambia kwa Kisomali safi, cha Habaswein kabisa, wakae, wanywe, wastarehe. Leo moyo wake si jiwe.

Kijiko kikamponyoka Lul.

Baba yake Kananu alikuwa mwalimu Habaswein, hukohuko Wajir, na Kananu alikulia huko. Muhula mzima hakuna aliyemuuliza. Rafiki wa watu wote alijua habari za kila ngamia wa Wajir, ila alikokulia mwenye kitanda cha pili hakukujua. Kananu akavuta sanduku lake uvunguni, akaanza kukunja nguo. Chumbani kwa Nurto, msichana wa bweni hilohilo, alisema, kuna kitanda kitupu.

Sasa hapakuwa na wa kumsemea Sagal.

"Si Kananu," akasema, tena kwa Kiswahili, ili mwenye sanduku asidhani ni umbea mwingine. "Ni mimi. Mimi ndiye niliyemtuma awafukuze, halafu nikamsengenya. Nina somo kesho. Naomba mwende."

Akangoja ukoo uvunjike. Idman akaweka kikombe chini polepole.

"Abaayo, si ungesema tu? Mama yako alitupigia simu, tusikuache pekee yako. Na tungebita mlango yako bila chai, si ungenuna? Vitabu yetu imejaa vumbi."

Lul akaongeza kwamba yeye hiliki yenyewe haipendi.

Walivaa viatu kwa haraka ambayo ingewatia aibu watu wengine. Sagal akakaa kuandika, machozi yakimdondokea karatasini. Nyuma yake nguo ziliendelea kukunjwa, kisha zikaacha.

"Unafundisha nini?" Kananu akauliza.

"Kugawanya."

"Hiyo unaijua. Andika."

Alifaulu, kwa shida. Mwalimu wa ushauri alipomwita tena ukumbini, Sagal alimwambia amchukue Kananu. Mwalimu akacheka, akasema yule ana ulimi mkali, hafai kuzungumzia urafiki.

Kananu hakuhama. Ila sanduku aliliacha limefungwa katikati ya chumba juma zima, na Sagal akawa analiruka kila akiingia na kutoka, asithubutu kuuliza linaondoka lini.