Rambirambi za Mtu Aliye Hai

Kwetu Mbeya msiba hausemwi kwenye simu. Unaambiwa, "Mama anaumwa kidogo, njoo," nawe unafunga mzigo huku unalia, maana umeshaelewa. Nimelifanyia utafiti jambo hili, na hapa chuoni Iringa nalifundisha: jinsi habari ya kifo inavyozunguka kwenye makundi ya WhatsApp kabla ndugu hawajaketi kuambiana. Kazi hiyo ndiyo iliyonipa ukuu wa programu ya habari za kidijitali. Na ukuu wenyewe, kusema kweli, umenipa vikao na vidonda vya tumbo.

Dada aliponipigia kwamba mama kazidiwa, nilikuwa kwenye kikao cha mtaala. Niliwaandikia wenzangu, "Nimeitwa nyumbani, mama anaumwa kidogo," nikaenda kupanda basi.

Hatujafika Mafinga, pole zikaanza kumiminika. Mtu wa idarani alikuwa amechukua picha ya mama kwenye ukurasa wangu, akaiwekea mshumaa, akawatumia wanafunzi. Kutoka huko ikaruka hadi Mbeya. Dada hapatikani. Niliamini wenzangu wameambiwa nililofichwa mimi, nikaandika kwenye kundi la familia, "Jamani, ni kweli mama katutoka?" Kisha nikalia hadi Makambako. Mimi, ninayewafokea wanafunzi kwa kutotafuta chanzo cha habari! Chanzo kilikuwa sentensi yangu mwenyewe, wenzangu wameisoma kama tunavyoisoma wote.

Nyumbani, mtaa wa Soweto pale Mbeya, hapakuwa na turubai. Mama alikuwa kitandani, amekonda mno, simu iko kifuani.

"Umefika mwanangu," akasema. "Humu kwenye simu mimi nimeshakufa. Hebu nisomee, macho yamechoka."

Nilitaka kuzifuta zote. Akakataa. Nikamsomea za kwaya, za majirani, za wanafunzi wasiomjua. Ya mama mmoja wa jumuiya ilimchekesha mpaka akakohoa. "Mnafiki huyo! Nikiwa mzima hanisalimii."

Halafu akauliza, "Na kaka yako?"

Kaka, mtoto wake wa kwanza, yuko Dar es Salaam. Waligombana kwa ajili ya kiwanja cha baba, na tangu hapo hajampigia. Nilifungua ujumbe wangu ule wa basini kutazama waliousoma. Jina lake lilikuwemo, tangu mchana. Hata neno pole hakuandika. Nilimchukia siku ile, na bado sijamaliza kumchukia.

"Huko kwake mtandao unasumbua, mama."

"Si ndiyo kazi yako hiyo, mtandao? Basi utengeneze."

Akanipa simu yake niishike. Akasema analala kidogo, neno la kaka likiingia nimwamshe hata kama ni usiku. Akageukia ukutani.

Tulimzika wiki iliyofuata. Simu yake ilikuwa bado mfukoni mwangu, ina chaji.