Hapa Hakuna Kuonja

Jumamosi ile Hayat alipanda mlima wa Gihosha kwa miguu, chupa mbili za chai kwenye kikapu, sambusa kwenye kitambaa, na hasira kifuani. Mafuta yalikuwa yameadimika tena mjini, magari yamejipanga foleni tangu jana yake, mabasi hayaonekani. Na yeye, mtoto wa Buyenzi, mtaa wa Waislamu kule bondeni, mama wa watu wazima, alikuwa anapanda mlima kwenda kwenye mkutano wa watu wasioamini. Astaghfirullah! Mama yake mzazi angekuwa hai, angemrudisha nyumbani kwa fimbo.

Lakini alikuwa na sababu yake, tena moja tu, na haikuwa ya kwenda kujifunza kitu. Alitaka kumwona mtu akinywa chai yake.

Zamani hilo halikuwa jambo la kutafutwa. Hayat alikuwa anauza chai ya tangawizi na sambusa mbele ya magaraji ya Buyenzi, benchi lake likiegemea ukuta wa duka la vipuri, na mafundi walikuwa wanasukumana kupata nafasi, mikono imejaa oili, wakimtania naye akiwatukana kwa mapenzi. Halafu asubuhi moja Mohamadi, fundi wa giaboksi, alimaliza kikombe chake, akasimama, akashika kifua, akaanguka. Hakuamka. Mohamadi yule yule aliyelalamika kifua tangu Ramadhani, aliyeambiwa na daktari kwamba ana presha, akatupa vidonge kwa sababu vilimpeleka chooni kila saa! Lakini nani alikumbuka vidonge? Watu walikumbuka kikombe.

Hakuna aliyemwita mulozi, mchawi, mbele ya uso wake. Laiti wangemwita! Hayat ana mdomo. Angewajibu, na mtaa mzima ungesikia. Wao walimsalimia vizuri, wakamuuliza habari za watoto, wakapita zao. Benchi likabaki tupu. Kwenye harusi, sahani aliyopeleka ilirudi nyumbani ikiwa imefunikwa vile vile alivyoifunika. Kwenye matanga walimwambia, "Pumzika dada, huku jikoni tuko wengi," na jikoni alikuwapo mwanamke mmoja anahangaika na masufuria matatu. Aliyemwonea huruma kuliko wote alikuwa Ilyasi, fundi wa kuchomelea vyuma, aliyekuwa mteja wake wa kwanza kila alfajiri. Alimjia akiwa ameinamisha kichwa, akamwambia kwa upole: "Mama Hayat, ungekuwa unaonja kwanza mbele ya watu, pengine wangerudi."

Kuonja. Mjini hapa kila mtu anajua maana yake. Mwenyeji anapiga funda la kwanza, ndipo mgeni anapokea, ajue kwamba hakuna sumu. Nyumba nyingi zinafanya hivyo kwa adabu tu, wala hawafikirii. Lakini kumwambia mtu aonje kwa sababu kuna maiti ni kumwambia, sisi tunakujua. Hayat alimmwagia Ilyasi chai ya moto miguuni. Tangu siku hiyo hawakusalimiana.

Ndipo akaja Adélaïde, muuguzi wa zahanati moja ya mjini, msichana wa sauti ndogo na maswali mengi. Alisema wana chama cha watu wenye mashaka, watu wasiokubali neno mpaka waone ushahidi. Mchungaji anauza maji ya uponyaji, wao wanauliza. Mganga anatoa misumari kwenye tumbo la mtu, wao wanauliza. Bibi wa watu anaitwa mulozi, wao wanauliza. Watakuwa na mkutano mkubwa Gihosha, na wanamwomba aje aeleze yaliyompata.

"Munaamini Mungu?" Hayat alimuuliza.

"Wengine ndiyo, wengine apana."

"Na majini?"

Adélaïde alitabasamu. "Apana, mama."

"Mi ninaamini. Mungu, na malaika, na majini. Uwaambie mbele, wasije wakashangaa."

"Hakuna shida, mama. Utakaribishwa vizuri sana."

"Mi sijui kuongea mbele ya watu. Nitakuja na chai. Nitamimina, mutakunywa. Hayo ndiyo maelezo yangu."

Adélaïde alikubali haraka, pengine haraka mno.

Na wapewe haki yao: kukaribisha walijua. Mlangoni alimkuta binti mwenye cheko, aliyembandika kifuani kadi yenye jina lake, limeandikwa sawasawa, akamuuliza anapenda aitwe Madame au Mama. Viti vilipangwa kwa duara ili asiwepo mtu wa nyuma, na ukutani kilitundikwa kitambaa kilichoandikwa: Hakuna uchawi. Mwenyekiti wao, Bonfils, mwalimu wa biolojia mwenye miwani na miguu mirefu, alisimama akasema kwamba hapa ni marufuku kumcheka mtu mwenye kuamini, na kwamba aliyekuja peke yake asile peke yake. Adhuhuri ilipofika, Adélaïde alimshika mkono, akampeleka kwenye chumba kidogo kilichofagiwa, mkeka umetandikwa, tena umeelekezwa kibla! Walikuwa wamepiga simu kuuliza. Hayat aliswali katika nyumba ya wenye mashaka, akatoka amelainika. Alianza kuwapenda watu hawa, na jambo hilo lenyewe lilimuudhi.

Kabla ya mapumziko ya chai aliongea mgeni mwingine aliyealikwa kama yeye, bibi kizee mmoja aitwaye Spéciose, mwenye mgongo uliopinda, kutoka juu kabisa mlimani. Mtoto wa jirani alikufa kwa malaria, na majirani wakambomolea bibi huyu paa kwa mawe, wakisema amemtilia mtoto sumu kwenye uji. Aliongea Kirundi, polepole, akitazama magoti yake. Watu walifuta machozi. Hayat pia alisikia uchungu, ila alijikuta amesogeza kiti chake kidogo, mbali na cha yule bibi. Hakujiuliza kwa nini.

Ikafika zamu yake. Hayat alifungua chupa, akamimina chai mpaka vikombe vikajaa meza, akapanga sambusa kando, harufu ya tangawizi ikazunguka ukumbi wote. Akasimama nyuma ya meza, mikono imeshika kiuno, akasubiri.

Kando ya meza yake palikuwa na makreti ya soda na maji ya chupa. Watu walikuja wakitabasamu. "Murakoze, asante mama." "Inanukia vizuri, mama." Kisha mkono unaruka vikombe na sambusa, unakwenda kwenye soda. Mmoja alisema hanywi vitu vya moto. Mwingine ana vidonda vya tumbo. Mwingine atachukua baadaye. Bwana mmoja aliyekuwa ameongea asubuhi nzima kwamba uchawi ni hofu tupu iliyovaa nguo, yeye aligeuza chupa yake ya maji, akakagua kifuniko kama kimefungwa kiwandani, ndipo akafungua. Hayat alimwona. Walahi alimwona.

Hata Adélaïde alikuwa ameganda pale, ameshika kikombe, hakipeleki mdomoni wala hakirudishi mezani.

Bonfils naye aliona, na aibu ikampanda mpaka kwenye masikio. Alitaka kuokoa mambo. Akapiga makofi, akasema kwa uchangamfu: "Jamani, Mama Hayat ataonja kwanza, kama desturi yetu, halafu sisi wote tutakunywa. Tunataka kila mutu ajisikie nyumbani!"

Alisema kwa nia njema kabisa. Ndiyo maana iliuma hivyo.

"Nionje?" Hayat alisema.

"Ni desturi tu, mama..."

"Nionje! Mimi! We mwalimu, nimepanda mlima huu na chai kichwani, munanibandika jina, munanitandikia mkeka, munanitafutia kibla, kumbe munanitengenezea kiti cha mushitakiwa! Kule Buyenzi wananiogopa kwa sababu wanaamini uchawi. Sawa! Angalau wanafuata imani yao. Nyinyi munasema hakuna uchawi, mumetundika mpaka kitambaa ukutani kusema hakuna uchawi, na tumbo zenu zinatetemeka! Munamuogopa nani sasa? Semeni! Kama si mulozi, ni nani?"

Soda zilikuwa zinatoa povu mikononi mwao. Hayat alianza kukusanya vikombe, akimwaga chai kwenye ndoo, kikombe baada ya kikombe, na machozi ya hasira yanamshuka bila kufutwa.

"Usimwage yote," sauti ilisema.

Alikuwa Spéciose. Amekuja akijivuta mpaka mezani, amebeba chupa ya plastiki yenye maji ya marakuja, yale matunda ya pasheni, aliyokuwa ameificha chini ya kiti chake tangu asubuhi. Hakuna aliyejua kama naye amekuja na kitu. Hakuna aliyemuuliza. Aliweka chupa mezani, akachukua chai ya Hayat, akainywa kikombe kizima bila kupumzika, kisha akajifuta mdomo kwa kanga.

"Ni nzuri," alisema. "Sasa na we upokee yangu."

Akamimina marakuja. Na kwa kuwa alikuwa mtu mzima aliyelelewa vizuri, aliinua kikombe apige funda la kwanza mwenyewe.

Hapo Hayat alitazama mkono ule. Mkavu, kucha ndefu za manjano. Akakumbuka uji na mtoto aliyekufa. Na tumbo lake, tumbo la Hayat mwenyewe, likasema: mwache aonje. Mwache kwanza aonje, uone.

Ya Rabi! Hakuwahi kukasirika vile maisha yake yote. Si kwa Ilyasi, si kwa Buyenzi, si kwa wasomi hawa na vifuniko vyao. Alijikasirikia mwenyewe mpaka masikio yakavuma.

"Usionje!" alifoka. Bibi akashtuka, kikombe kikayumba. "Usionje, mama. Nipe hivyo hivyo."

Akakinyakua, akanywa mpaka mwisho. Ilikuwa chachu balaa, uso ukamkunjamana.

"Mama, hii haina sukari hata kidogo!"

"Sukari niitoe wapi, mwanangu?" Spéciose alisema, na wakaangua kicheko wote wawili, kicheko kibaya chenye makamasi, mbele ya watu wote wale.

Ukumbi ukapata nguvu. Bonfils akawa wa kwanza kusogea na kunyoosha mkono achukue kikombe kilichobaki. Hayat akakifunika kwa kiganja.

"Apana. Humu ndani, mulango umefungwa, nani anawaona? Mukitaka kunywa, mukuye Buyenzi. Jumatatu asubuhi, mbele ya magaraji, watu wakiangalia. Hapo nitajua kama mashaka yenu ni ya kweli ao ni ya Jumamosi tu."

Akabeba kikapu chake, akashuka mlima.

Jumatatu aliwasha jiko mapema, akapangusa benchi lililojaa vumbi, huku akijitukana kwa kupangusa. Nani atakuja? Wale? Wengi hawakuja, ni kweli. Walituma salamu kwa simu ya Adélaïde, na Hayat alizitukana salamu zao moja moja. Lakini Adélaïde mwenyewe alikuja, amevaa sare ya kazini, amemshika Spéciose mkono njia nzima kutoka Gihosha. Wakakaa. Wakanywa. Nyundo za magaraji zikaanza kupungua, moja, kisha nyingine, mpaka mtaa ukanyamaza. Mafundi walisimama na spana mikononi, wakitazama.

Bonfils akafika wa mwisho, shati limelowa jasho. Aliwatazama mafundi, akakitazama kikombe, akafumba macho akabugia chai yote kwa mara moja. Akaruka, mdomo wazi.

"Taratibu, we!" Hayat alifoka. "Hii ni chai, si dawa! Unataka kuungua ulimi, kesho waseme na wewe nimekuroga?"

Fundi mmoja alicheka ng'ambo ya barabara, akajizuia.

Halafu Ilyasi akavuka. Alikuja polepole, miwani ya kazi imepandishwa juu ya paji la uso, akasimama mbele ya benchi kama mtu aliyeitwa na mkubwa. Miguuni alikuwa amevaa viatu vilivyofunikwa kabisa.

"Assalam aleikum, Mama Hayat."

"Waleikum salam."

"Nimekuja kunywa chai." Mafundi wenzake wote walikuwa wanamwangalia mgongoni. "Ila, tafadhali mama... onja kidogo tu. Kidogo. Nipate nguvu ya kupokea."

Hayat aliweka chupa chini. Angeweza kuonja. Funda moja, na benchi lingejaa kama zamani, asubuhi hiyo hiyo. Alilijua hilo vizuri, na Ilyasi alijua kwamba analijua.

"Hapa hakuna kuonja," alisema. "Kunywa, ao urudi kwa vyuma vyako."

Ilyasi alibaki amesimama. Akamtazama yule bibi kizee asiyemjua, aliyekuwa analamba sukari ya mwisho ndani ya kikombe kwa kidole, bila haraka, akifurahia. Spéciose akasogea kidogo, akamwachia nafasi.

Ilyasi akakaa. Akashika kikombe kwa mikono miwili. Hayat akamimina mpaka kikafurika, ya moto ikamwagikia vidoleni, na Ilyasi hakuondoa mkono. Akanywa. Akanywa tena. Hayat alikuwa amegeukia jiko, akipuliza makaa yaliyokuwa yanawaka vizuri tu.

"Sukari imepungua," Ilyasi alisema nyuma yake.

"Funga domo lako unywe," Hayat alimjibu.