Neno "amezoea" katika hojaji ya watoto: yaliyonikuta Timbwani

Wakuu, amani iwe kwenu nyote.

Mimi ni msomaji wa siku nyingi humu na mchangiaji wa nadra. Leo naandika kwa sababu nimejaribu kulinyamazia jambo hili nikashindwa. Majina nimeyabadilisha. Mengine yote ni kama yalivyotokea, na pale ambapo sina hakika nitasema wazi kuwa sina.

Ninasomea shahada ya uzamili katika saikolojia ya watoto. Utafiti wangu ulikuwa wa kujaribu hojaji, yaani orodha ya maswali ambayo mlezi huulizwa kuhusu mtoto mdogo, ili ibainike kama mtoto ana matatizo ya tabia au ya hisia yanayohitaji daktari.

Hojaji yenyewe ilitungwa ughaibuni. Kazi yangu ilikuwa kuitafsiri, kuipeleka kwa walezi wa Likoni, na kupima iwapo inawatambua watoto wanaostahili kutambuliwa.

Kila swali lina majibu matatu: si kweli, kweli kiasi, kweli kabisa. Kila jibu lina alama zake. Jumla ikivuka kiwango kilichowekwa, mtoto huonwa na daktari tuliyekubaliana naye. Isipovuka, mlezi huambiwa kuwa mtoto hana tatizo. Tuliwaahidi walezi wote kwamba tutawarudishia matokeo.

Ndipo nikafika kwa Bi Mwanakombo, Timbwani, mtaa wa hukohuko Likoni.

Anamlea mjukuu wake, Rukia, mwenye umri wa miaka mitano. Mamake Rukia yuko Uarabuni, anafanya kazi ya nyumbani. Mkataba wake ulikuwa unakaribia kwisha, na mwajiri alimtaka atie sahihi mwingine wa miaka miwili. Alikuwa bado hajatia.

Haya sikuyauliza. Nilipomwamkia shikamoo, na kabla sijatoa kalamu, Bi Mwanakombo alinieleza mwenyewe.

"Kila akipiga simu auliza, mwanangu yu hali gani? Asema akisikia hayuko sawa, arudi. Sasa wewe msomi tuangalilie, tujue moja."

Nilimweleza kwamba hojaji hii bado iko katika majaribio. Akanijibu kwamba hata mkate huonjwa ukiwa bado moto.

Tukaanza.

Swali mojawapo huuliza kama mtoto hulia au hung'ang'ania mlezi anapoondoka. Bi Mwanakombo alifikiri kidogo.

"Mamake alipoondoka alilia mpaka sauti ikamkauka. Alikuwa akilala nyuma ya mlango. Twamwondoa, arudi. Sasa amezoea."

Kanuni ni kwamba tunauliza kuhusu miezi sita iliyopita tu, na kilio hicho kilikuwa cha zamani zaidi. Kwa hiyo jibu ni "si kweli". Alama: sifuri.

Je, hupendelea kuwa peke yake? Hapendelei, alisema, hukaa tu. "Huyu hana tabu. Ukimuweka hapa, humkuta hapa." Sifuri.

Hulalamika kuumwa na tumbo au kichwa? Halalamiki. Hukasirika upesi? Hapo alicheka, akanambia nimtafute mtoto mwingine wa kumuuliza hilo. Sifuri, sifuri.

Kuhusu chakula alisema, "Ukimpa yuwala."

Nikauliza jambo lisilokuwemo katika hojaji: na usipompa?

"Haombi."

Wakuu, katika hojaji nzima hakuna mahali pa kuandika "haombi". Niliandika pembeni kwa penseli, nikaendelea.

Muda wote huo Rukia alikuwa ameketi mkekani, karibu kabisa nasi. Watoto wengine wa ua ule walikuwa wamekwisha kunipekua mkoba. Yeye hakuuangalia. Bibi aliitwa nje, akakawia kwa jirani, mtoto hakuinua kichwa. Bibi akarudi. Hakuinua kichwa vilevile.

Hapa niruhusuni nieleze jambo moja la kitaaluma. Hojaji ile huuliza mtoto hufanya nini mlezi anapoondoka. Haiulizi hufanya nini mlezi anaporudi. Mtoto asiyelia kwa sababu ametulia na mtoto asiyelia kwa sababu haoni faida ya kulia hupata alama ileile. Ukitaka kuwatofautisha, mtazame mlezi anaporudi.

Jumla ya Rukia ilikuwa miongoni mwa alama za chini kabisa katika utafiti wangu. Kwa lugha ya hojaji, alikuwa mmoja wa watoto wenye afya njema zaidi Likoni.

Aliyevuka kiwango katika ua huohuo alikuwa Brian, mtoto wa mpangaji wa chumba cha pili, mama mmoja wa bara. Brian hupanda juu ya tangi la maji, hurushia kuku viatu, na siku ile aliniuliza kama nimeolewa. Nilipomwambia mamake kwamba daktari atamwona, alinitazama kwa mshangao. "Sasa huu ni ugonjwa? Huyu si ni babake tu, mpaka kutembea."

Daktari alimwona Brian. Alikubaliana na mamake.

Nilimwandikia msimamizi wangu kuhusu Rukia. Alinijibu kwa upole, na kusema kweli sikuona kosa katika jibu lake. Hojaji hupima anachosema mlezi. Mtafiti haruhusiwi kuongeza alama kwa sababu moyo wake umeguswa, kwani akianza na mtoto mmoja, data yote inaharibika. Kuongeza swali jipya kungetulazimu kurudi kwa kamati ya maadili. Akanishauri niliandike jambo hilo katika sura ya upungufu wa utafiti.

Nililala na jibu hilo, nikaamka nalo. Nilijiuliza kama ninaona huzuni kwa sababu nimesomea kuiona. Wako watoto wapole, na upole si maradhi. Kwetu pwani mtoto asiye na makuu husifiwa, na anayesifiwa hivyo mara nyingi hukua salama.

Baada ya majuma mawili nilirudi kuuliza maswali yaleyale. Hiyo ni sehemu ya majaribio: majibu yakilingana, chombo kinaaminika. Safari hii nilimuuliza Bi Mwanakombo ana maana gani hasa anaposema "amezoea". Swali hilo lilikuwa ndani ya haki yangu, maana tulikuwa tukichunguza walezi wanavyoyaelewa maneno.

Aliniangalia.

"Amezoea ni amezoea. Wewe wataka alie?"

Nikarudi kwenye orodha yangu. Majibu yake yote yalilingana na ya mwanzo. Msimamizi alifurahi.

Ikabaki siku ya kurudisha matokeo.

Nilikuwa nimetayarisha sentensi mbili tu. Ya kwanza, matokeo ya hojaji, kama tulivyoahidi. Ya pili, ushauri wangu binafsi kwamba Rukia aonwe na daktari hata hivyo, na kwamba mamake aujue ushauri huo kabla hajaamua. Nikiwa ndani ya feri ya kuvukia Likoni nilizipima: ipi itangulie? Nikaona matokeo ni haki yake, basi yatangulie. Ushauri ni wangu, ufuate.

Bi Mwanakombo alinipokea kwa chai ya tangawizi na mahamri. Nilipofungua kinywa akanizuia.

"N'ngoje. Usinambie mimi, mwambie mwenyewe."

Akatoa simu, akabonyeza kile kitufe cha kutuma sauti, akakishikilia kwa kidole gumba na kunisogezea simu mdomoni.

Nilitoa salamu. Nikajitambulisha. Nikasema, "Hojaji imeonyesha kwamba Rukia hana tatizo."

Kidole kikainuka. Simu ikalia mlio wake mdogo. Ujumbe ukaenda.

Neno langu lililofuata lilikuwa "lakini". Nililisema mbele ya simu iliyokwisha kufungwa.

Nilimwomba anirekodi tena. Akakataa, bila ukali. Basi nikamwambia yeye uso kwa uso: kwamba mtoto haombi chakula, kwamba hainui kichwa mtu akirudi, kwamba ninahofu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza:

"Hilo lasema karatasi, au wasema wewe?"

Nilisema ninasema mimi.

"Basi la karatasi limekwenda. Lako na liwe lako, mwanangu. Huyu wa kule akirudi mikono mitupu, tutakula uso wake?"

Namba ya mamake Rukia sina. Aliyenipa ridhaa ni bibi, na kumtafuta mtu nyuma ya aliyenipa ridhaa ni kuvunja kiapo nilichotia sahihi. Nililiwaza hilo kwa kila upande, nikiwa nimeketi palepale, kikombe mkononi.

Jibu likaja kabla chai haijapoa. Bi Mwanakombo aliliweka kwa sauti ya juu. Mwanamke alikuwa akilia na kucheka pamoja. "Alhamdulillah. Alhamdulillah. Mwambieni huyo dada Mungu amlipe. Leo nitalala. Basi mkataba nautia sahihi."

Nikamtazama Rukia. Alikuwa akichomoa uzi kwenye ukingo wa mkeka, na sauti ya mamake ilikuwa imejaa chumba kizima. Aliendelea kuchomoa.

Nilimwachia bibi maelekezo ya daktari. Akayapokea kwa mikono miwili, kwa heshima. Nimeuliza kwa daktari mara kadhaa. Hawajafika.

Tasnifu imepita. Watahini wameisifu hojaji. Habari ya watoto wanaonyamaza ipo ndani, katika sentensi moja. Zilikuwa aya mbili, nikaambiwa nifupishe.

Funzo, kama ni funzo: "hana tatizo" na "hatukuona tatizo" ni sentensi mbili tofauti, na mimi niliyesomea tofauti hiyo niliitamka ile isiyokuwa yangu kuitamka. Wala sijui kama Rukia anaumia kweli. Pengine ni mtoto mpole tu. Miaka miwili itapita kabla ya mtu yeyote kupata sababu ya kuuliza tena, na atakapoulizwa, bibi atajibu kwa neno lilelile, na litakuwa kweli zaidi kuliko sasa.

Sikuandika nipate pole, wakuu. Ninauliza. Mlio humu mnaolea watoto wa binti zenu na dada zenu walio ng'ambo: siku mtoto alipoacha kulia, mlijuaje kama amepoa au amekata tamaa? Mlitazama nini?

Andikeni hapa chini, hata kwa neno moja. Kitaaluma sina pa kuyaweka majibu yenu, lakini nitayasoma yote.