Dalali Aliyeitukana Shubra

Madalali wa Kairo tunawajua hata wakiwa wamelala, lakini yule alizidi. Kila akitaka kudanganya alisugua miwani kwa ncha ya tai, na miwani yake iling'aa kuliko ya mtu yeyote mjini. Funguo za nyumba za watu alizichezesha kidoleni, na sauti yake ilikuwa ya muuza matikiti. Tangu asubuhi alikuwa anamkera Nashwa, aliyejinyima miaka ili anunue nyumba moja tu: hapa Shubra, mtaa wa zamani uliojaa watu, au kule mji mpya jangwani. Kule Nashwa hakuona duka wala mtu, ila vumbi. "Utulivu huo, dada!" dalali akasifu. Sasa wamesimama kichochoroni Shubra, naye dalali ameziba pua. "Kelele, mende, wambeya! Mwenye akili zake atakaa hapa? Lipia ya kule leo hii." Damu ilimchemka Nashwa, ila alishachoka kutafuta, na mkono ulishaingia mkobani kutoa malipo.

Hapo kapu likashuka kwa kamba kutoka roshani ya ghorofa ya nne, likamgonga dalali utosini. "We mwanangu!" mama mmoja akapaza sauti. "Nunua mikate utie humo, baba yako ana njaa!" Funguo zikanyamaza.

"Kumbe unakaa hapa?" Nashwa akafoka.

"Kwa muda tu, dada."

"Muda gani? Kazaliwa humu humu!" mama akadakia. "Nilimwambia tuhamie jangwani, akalia kama mtoto!"

"Mshenzi we! Jasho langu ulitaka kulizika mchangani?" Nashwa akainua uso. "Mama, kwenu kuna nyumba inauzwa?"

"Ipo chini yetu, binti yangu! Panda tunywe chai. Huyo mwongo mwache hapo hapo."