Vijiti vya Meno kwenye Meza ya Maharage

Leo hapa Lilongwe nimepata sokoni kikombe kidogo cha shaba cha kuwekea vijiti vya meno, cha zamani, cheusi kabisa. Ni cha saba kwenye rafu yangu. Nimekisugua kwa jivu na ndimu, na ile harufu imenirudisha nyumbani kwetu, kwenye kambi ya wakimbizi ya Dzaleka.

Siku moja mama alisugua kikombe chake kama hiki tangu asubuhi. Familia ya mchumba wa dada yangu ilikuwa inakuja kututazama, pamoja na shangazi yao mwenye mdomo mkali. Watu walisema huyo akikudharau, ndoa imekufa. Mama akapanga vyombo vyake vyote vya zamani, alivyovipata kimoja kimoja kwenye marundo ya mitumba: sahani za maua, hakuna mbili za kufanana, bakuli lenye ukingo wa dhahabu, na katikati kile kikombe, kinang'aa. Mi niliona hakuna meza nzuri kama ile duniani.

Tukaleta chakula, nsima, yaani ugali wa huku, na maharage.

Shangazi akatazama vijiti, akatazama maharage. "Mama, hivi vijiti ni vya nini? Nyama iko wapi?"

Dada akainamisha kichwa. Mama akaendelea kumpakulia shangazi.

"Nyama itakuja siku ya ndoa, mama. Vijiti njo vimetangulia kuishikia nafasi."

Shangazi akacheka mpaka kitambaa chake cha kichwa kikalegea. Alipomaliza kula, akachomoa kijiti kimoja, akachokoa meno taratibu, kama mtu aliyemaliza mbuzi mzima.